HISTORIA YA GARI LINALOJIINUA LIKIONA POLISI

Hii ni ya ndugu zangu wa Altezza na Subaru, wale ambao wakifika kwenye tuta wanapunguza mwendo mpaka daladala la nyuma linapiga honi, halafu wanalivuka tuta kiupande upande kama kaa, tairi moja baada ya jingine. Mnajijua. Kila mara mazungumzo ya magari ya kushushwa yakianza, kuna mtu lazima aulize: hivi mwenye akili timamu anashushaje gari lake, halafu anamlipa fundi tena amfungie kifaa cha kulipandisha?

Swali zuri. Na jibu lake lina historia ndefu kuliko tunavyodhani. Wengi tunaamini mambo haya yameanzia Japani kwa sababu magari yetu yanatoka huko. Lakini ukitaka kumjua mtu wa kwanza maarufu aliyekaa gerejini na kulifungia gari lake la michezo, ambalo tayari lilikuwa limeshushwa, mtambo wa kulipandisha na kulishusha atakavyo, inabidi uende kusini mwa California, mwaka 1959. Jamaa anaitwa Ron Aguirre. Alikuwa na Corvette. Na alikuwa amechoka kuandikiwa faini.

Kumwelewa Aguirre ni lazima kwanza tuwaelewe watu wake.

Mashariki ya jiji la Los Angeles kulikuwa, na bado kuna, jamii kubwa ya Wamarekani wenye asili ya Meksiko. Miaka ya vita vya pili vya dunia vijana wao walikuwa na mtindo wao wa mavazi: koti refu, suruali pana juu na nyembamba kwenye kifundo cha mguu. Mwezi Juni mwaka 1943 wanamaji wa Marekani waliokuwa kambini jijini humo waliingia mitaani, wakawapiga vijana hao na kuwavua suti hizo hadharani. Polisi walipofika waliwakamata kwa mamia waliopigwa. Na baraza la jiji likakaa kujadili kupiga marufuku, si fujo za wanamaji, bali suti zenyewe! Likumbuke hilo, maana litarudi likiwa na magurudumu.

Vita vilipokwisha, vijana wengi wa jamii hiyo walirudi kutoka jeshini wakiwa na ujuzi wa ufundi na vijisenti kidogo. Wakanunua magari, hasa Chevrolet za mitumba. Wakati huo vijana wa Kizungu wa California walikuwa wanahangaika na mwendo kasi. Wananyanyua gari nyuma, wanapunguza bati, wanakwenda kushindana kwenye maziwa yaliyokauka huko jangwani. Vijana wa East Los Angeles wakafanya kinyume chake kabisa. Gari likae chini kadiri inavyowezekana na liende polepole kadiri inavyowezekana. Kama kila mtu mtaani anataka kukuona, unakimbilia wapi?

Mbinu za kushusha zilikuwa za kimaskini. Wa kwanza walijaza mifuko ya mchanga kwenye buti, gari linakalia matako. Wengine wakapasha springi moto mpaka zikalegea na kukaa. Wengine wakakata springi kipande. Msomaji wangu anayejua gereji atakuwa ameshaanza kutikisa kichwa, na ana haki. Springi iliyopashwa moto ovyo imepoteza ugumu wake wa asili. Springi iliyokatwa inakuwa fupi na ngumu zaidi, na shokapu ambayo ilitengenezwa kwa urefu fulani inajikuta haina nafasi ya kutembea, inagonga mwisho wake kila ukikanyaga shimo. Na baya zaidi ni kwamba ukishakata umekata. Jumamosi usiku barabara kuu ya lami unapendeza, Jumatatu asubuhi kwenye mlango wa kiwanda chenye makorongo unalia.

Basi ikaja sheria. Kuanzia tarehe 1 Januari 1958, jimbo la California lilikataza kuendesha gari lililobadilishwa kutoka lilivyoundwa kiasi kwamba sehemu yake yoyote, ukiacha magurudumu, iko chini kuliko ukingo wa chini wa rimu. Ndicho kifungu kilichokuja kujulikana kwa namba yake, 24008.

Tuwe waadilifu hapa. Kiufundi sheria hiyo ina mantiki. Tairi likipasuka, gari linaangukia rimu. Kama kuna chuma kiko chini ya mstari wa rimu, ndicho kitakachogusa lami kwanza, na kama ni chuma cha usukani au bomba la breki, dereva hana tena gari. Hata leo wajenzi wa magari ya mbio wanaupima mstari huo.

Lakini isome tena taratibu. Haikusema gari la chini ni kosa. Ilisema gari *lililobadilishwa* likawa chini ni kosa. Gari likitoka kiwandani limelala, sheria haina habari nalo. Mkosaji ni yule aliyelishusha mwenyewe uani kwao, na kila askari wa kusini mwa California alijua huyo ni nani na anaishi mtaa gani. Kupima hakukuhitaji mtambo wowote. Anakusimamisha, anaangalia chini ya gari, anaangalia rimu, anatoa kitabu cha faini.

Sasa tumrudie Aguirre. Alikuwa kijana wa upande wa San Bernardino, mashariki ya Los Angeles, na gari lake halikuwa Chevrolet kuukuu ya familia. Ilikuwa Corvette ya kizazi cha kwanza, gari la michezo la watu wawili ambalo Chevrolet walianza kulitengeneza mwaka 1953 wakiwa na magari 300 tu mwaka huo. Bodi yake ni ya nyuzi za kioo, si bati, na tangu kiwandani tayari iko chini. Ukiishusha zaidi, kama alivyofanya yeye, basi hata askari aliye upande wa pili wa barabara anaona. Akaandikiwa. Akaandikiwa tena.

Wengi tungefanya mojawapo ya mambo mawili: kulipandisha gari tukanuna, au kuendelea kulipa. Yeye akajiuliza swali la tatu. Kama kosa ni urefu wa gari wakati askari anaangalia, kwa nini urefu usibadilike askari anapoangalia?

Jibu lilikuwa kwenye vyuma chakavu. Kusini mwa California ndiko ndege za Marekani zilikotengenezwa kwa maelfu wakati wa vita. Douglas walikuwa Santa Monica, Lockheed walikuwa Burbank. Vita vikiisha, vifaa vya ziada vya ndege viliuzwa kwa bei ya kutupa. Humo ndani kulikuwa na pampu ndogo za umeme za kampuni ya Pesco, zilizotengenezwa kusukuma mafuta kwenye mitambo ya ndege. Ndogo, nyepesi, zenye nguvu za ajabu. Aguirre na baba yake wakachukua pampu na valvu za aina hiyo wakazifunga kwenye Corvette.

Mtambo wenyewe si wa kiini macho. Anayejua jeki ya gereji au tipa la mchanga ameshauona. Kuna tangi dogo la mafuta, kuna pampu inayozungushwa na mota ya betri, kuna mabomba, na kwenye springi kuna silinda yenye pistoni. Mafuta hayakubali kubanwa, kwa hiyo yakisukumwa ndani ya silinda pistoni haina ujanja, inatoka, na bodi ya gari inapanda. Hesabu yake ni ya Pascal, yule Mfaransa wa karne ya 17 tuliyemkariri sekondari bila kujua atatusaidia nini. Msukumo wa kilo 70 kwa kila sentimita ya mraba, kwenye pistoni yenye eneo la sentimita 10 za mraba, unakupa nguvu ya kuinua kilo 700. Hiyo ni pistoni moja. Corvette nzima haikufika tani moja na nusu.

Kushuka ni rahisi zaidi. Unafungua valvu, uzito wa gari wenyewe unayarudisha mafuta kwenye tangi. Hakuna pampu inayohitajika. Kichwa kilichouma zaidi kilikuwa umeme, kwa sababu pampu za ndege zilitaka volti 24 na betri ya gari ni volti 12, hivyo inabidi kuunganisha betri mbili. Na jambo moja ambalo mafundi wa mwanzo walilijifunza haraka: springi lazima ibaki. Ukifunga silinda peke yake bila springi, gari linatembea kama toroli, maana mafuta hayanesi. Silinda inasogeza springi juu na chini. Kunesa bado ni kazi ya springi.

Gari hilo likaitwa X-Sonic. Baadaye Aguirre aliendelea kulibadilisha mpaka likawa na paa la mviringo la plastiki angavu kama chombo cha anga za juu, likazunguka maonyesho ya magari. Mimi hayo mapambo ya baadaye hayanivutii sana. Kinachonivutia ni ile swichi ya 1959. Barabarani gari limelala. Taa za polisi zikiwaka nyuma, kidole kinagusa swichi, na mpaka askari ashuke, avae kofia, atembee hadi dirishani, gari limesimama likiwa na urefu halali kabisa. Apime. Hakuna kosa.

Kuna watakaosema Wafaransa walitangulia. Kweli. Citroën DS ilizinduliwa kwenye maonyesho ya Paris mwezi Oktoba 1955 ikiwa na mafuta na gesi badala ya springi, na dereva aliweza kuchagua urefu kwa kusogeza mkono wa chuma. Lile lilikuwa gari la maajabu, na lilipokea oda 12,000 siku ya kwanza tu. Lakini lile lilitoka kwa wahandisi wa kiwanda, kwa ajili ya starehe ya barabara mbovu za Ufaransa. La Aguirre lilitoka kwa mtu na baba yake, kwa vyuma vya ndege. Hata makusudi ya mtambo hayafanani.

Mwaka ule ule sheria ilipoanza, Chevrolet walitoa Impala ya kwanza. Fremu yake ilikuwa na umbo la herufi X, imebana katikati, bila mihimili mirefu ya pembeni. Kwa fundi anayetafuta nafasi ya kulaza gari na kupitisha mabomba hiyo ilikuwa zawadi, na Impala za 1958 mpaka 1964 ndizo zikawa mfalme wa magari haya, ambayo Wamarekani wanayaita loraida. Pampu za ndege zilipoanza kuadimika, mafundi wakahamia kwenye pampu za malori, zile zinazoinua ubao wa nyuma wa kupakilia mizigo. Betri zikaongezeka. Sita zikiunganishwa kwa mfuatano ni volti 72, na hapo gari halipandi tena kistaarabu. Linaruka. Wale mliokaa mbele ya televisheni mkiangalia video za Dr. Dre na Snoop za miaka ya 1990 mnajua nasema nini. Sisi tulidhani ni mbwembwe za wanamuziki. Mitaa ya Weusi ya Los Angeles, kama Compton na Crenshaw, ilikuwa na magari hayo miaka mingi kabla ya video hizo.

Hapa naomba nichepuke kidogo niende gerejini kwetu, kwa sababu najua kuna mtu anasubiri. Kifaa mnachofunga ninyi kwenye Altezza si cha mafuta na pampu. Ni shokapu na springi katika mwili mmoja, na mwili wa shokapu umechongwa nyuzi kama bolti kubwa, na springi imekalia ringi inayozungushwa juu au chini kwa spana ya ndoano. Asili yake ni magari ya mbio, ambako fundi anataka kugawa uzito sawasawa kwenye magurudumu manne. Hakuna swichi, kubadilisha urefu ni jeki, jasho na nusu siku. Nimesimama kwenye gereji moja Kinondoni nikamwangalia fundi akifunga seti nzima. Kufungua za zamani ni kazi ya spana tu. Ustadi uko mwishoni. Bolti za bushi hakuzikaza gari likiwa juu ya jeki. Alilishusha kwanza likalie magurudumu yake, ndipo akakaza, kwa sababu ukikaza magurudumu yakiwa yananing'inia, bushi inajikunja siku zote za maisha yake na haitachukua muda kuchanika. Halafu akasema gari lisiende popote zaidi ya kwenye balansi na kunyoosha magurudumu, maana likishuka, matairi yanainamia ndani na yatalika upande mmoja. Huyo ni fundi. Ukimpata wa hivyo mshike.

Lakini ona tofauti. Kijana wa Dar anataka urefu ubadilike kwa sababu ya tuta. Aguirre alitaka ubadilike kwa sababu ya askari.

Na askari hawakuishia kwenye rimu. Barabara ya loraida ilikuwa Whittier Boulevard, East Los Angeles, ambako mwisho wa wiki magari yalijipanga yakitambaa taratibu, familia zikikaa pembeni kuangalia. Mimi kama mwandishi wa habari barabara hiyo ina sababu nyingine ya kunigusa. Tarehe 29 Agosti 1970 maelfu ya Wamarekani wenye asili ya Meksiko waliandamana huko kupinga vita vya Vietnam. Ruben Salazar, mwandishi wa safu wa Los Angeles Times na mkurugenzi wa habari wa kituo cha televisheni cha KMEX, aliingia kwenye baa ya Silver Dollar, pale pale Whittier Boulevard. Askari wa sherifu akafyatua kombora la gesi ya machozi ndani ya baa. Lilimpiga Salazar kichwani akafa. Hakuna aliyeshtakiwa.

Ninapowasikia watu wakisema mambo ya magari ni upuuzi wa vijana wasio na kazi, nakumbuka kwamba ni lami hiyo hiyo. Nani anaruhusiwa kukaa juu yake, kwa muda gani, na kwa mwendo upi, halijawahi kuwa swali la magari peke yake.

Miaka ya 1970 mambo yaliwanyookea kidogo. Impala ya 1964 ya Jesse Valadez wa klabu ya Imperials, iliyopakwa rangi ya waridi na kuchorwa maua na kuitwa Gypsy Rose, ilionekana mwanzoni mwa tamthilia ya televisheni Chico and the Man iliyoanza 1974, na Marekani nzima ikaiona. Mwaka 1977 kule San Jose likaanzishwa jarida la Lowrider, na humo watu walipata mahali pa kusema kwamba wao si magenge. Halafu mwaka 1979 maofisa wa sherifu wakaifunga Whittier Boulevard mwisho wa wiki. Miaka ya 1980 jimbo likaipa miji mamlaka ya kutunga sheria dhidi ya kuzunguka zunguka. Na hili ndilo linaloniacha hoi: kupita sehemu moja zaidi ya mara kadhaa ndani ya saa chache ikawa kosa. Huendi kasi, hujalewa, leseni unayo, taa zinawaka. Kosa lako ni kurudi. Kwa hilo hakuna pampu ya Pesco inayoweza kukusaidia.

Kichekesho ni kwamba serikali hiyo hiyo, kwa mkono mwingine, ilikuwa inayaweka magari haya makumbusho. Mwaka 1990 makumbusho ya taifa ya historia ya Marekani, chini ya Smithsonian, yalilichukua gari la Ford LTD la 1969 lililoanza kutengenezwa na David Jaramillo wa Chimayó, New Mexico. Jaramillo alikufa kwa ajali mwaka 1978 na familia yake ikalimalizia. Wakaliita Dave's Dream. Mwaka 2017 Gypsy Rose nayo ikawekwa ndani ya kasha la kioo katikati ya Washington, kwenye uwanja wa wazi ulio karibu na bunge, na kuingizwa kwenye orodha ya magari ya kihistoria ya taifa. Ndani ya kioo ni urithi. Barabarani California, gari lililoshushwa hivyo bila swichi bado lilikuwa kosa chini ya kifungu 24008.

Klabu za loraida zikafanya kile ambacho Aguirre hakukifanya. Badala ya kuizunguka sheria, zikaenda kuifuta. Walikwenda kwenye mabaraza ya miji, wakiwa na watoto na wajukuu zao, wakaeleza. San Jose ikafuta marufuku yake mwaka 2022, Sacramento mwaka huo huo. Mbunge David Alvarez akapeleka muswada namba 436 kwenye bunge la jimbo. Gavana Gavin Newsom akausaini mwezi Oktoba 2023. Tarehe 1 Januari 2024, miaka 66 kamili tangu kile kipimo cha rimu kianze kutumika, kikaondolewa vitabuni pamoja na mamlaka ya miji kuzuia watu kuzunguka mitaani kwao.

Jesse Valadez hakuiona siku hiyo, alifariki mwaka 2011. Jarida la Lowrider nalo halikuwa na ukurasa wa kuiandikia, kwani lilikuwa limeacha kuchapishwa kwenye karatasi mwishoni mwa mwaka 2019.